Tarehe ya Krismasi Inajulikana

Hotuba hii ilitolewa Jumamosi alasiri kwenye mkutano wa mwisho wa mwaka wa chama chetu cha akiba na mikopo, katika ukumbi wa kanisa hapa Kakamega. Tunaiweka yote kwa ajili ya wanachama walioko Nairobi, Eldoret, Mombasa na kwingineko ambao hawakuweza kufika.

Mulembe, mulembe!

Mwenyekiti, mweka hazina, wazee wetu, kina mama mliowahi viti vya mbele, na kina baba mliokaa karibu na mlango mkidhani sijawaona. Nawasalimu nyote.

Nimepewa mada ndefu: sikukuu, matumizi, na maisha ya mtu anayedaiwa. Aliyenipigia simu kunialika alinionya, "Mama, tafadhali usiwatishe watu." Nikamwahidi sitatisha mtu. Anayedaiwa huwa ameshatishwa na simu yake tangu saa kumi na mbili asubuhi, hana haja na mimi.

Haya. Nianze na swali la watoto wa gredi ya pili. Krismasi ya mwaka huu ni tarehe ngapi? Vizuri. Ya mwaka ujao je? Na ya mwaka 2040? Hata yule anayesinzia pale nyuma anaijua. Sasa mbona kila mwaka inatuingilia kama mgeni asiyepiga hodi?

Pasaka naielewa, ile huhamahama, mwaka huu Machi, mwaka mwingine Aprili. Idi hungoja mwezi uandame. Lakini Jamhuri ni tarehe 12 Desemba, Krismasi ni tarehe 25, na shule hufunguliwa Januari. Ni kweli korona ilituvuruga, kalenda ya shule ikakimbizwa mpaka iliporudi mahali pake Januari 2023. Hiyo ilikuwa dharura. Krismasi si dharura. Nimekaa kwenye meza ya mikopo miaka mingi, na kila Desemba zikikaribia sikukuu napokea fomu zilizoandikwa "mkopo wa dharura". Namuuliza mwenye fomu: nani mgonjwa? Anaangalia viatu vyake. Hakuna mgonjwa. Ni Krismasi.

Sikuja hapa kuwaambia msisherehekee. Kuna wataalamu wa redioni ambao kila Desemba wanatuambia tusisafiri, tusichinje, tukae kwenye nyumba za kupanga tule sukuma tukihesabu riba. Mimi siwaungi mkono. Mtu aliyefanya kazi tangu Januari bila kumwona mama yake, ukimwambia asiende nyumbani Krismasi umemwambia nini? Nendeni nyumbani. Kuku achinjwe, baba mwenye nyumba apewe firigisi yake kama ilivyo desturi, watoto wale chapati mpaka waugue tumbo. Wenzetu wa Vihiga wana tamasha lao la Mbale tarehe 26. Wenzetu wa Bungoma wana Agosti ya tohara kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na wote tunajua mzigo wake: pombe, nyama, na wajomba wanaokuja na mikono mitupu na kuondoka wamebeba. Mambo haya ni yetu na yana maana. Shida yangu iko kwenye pesa inayotumika kuyaendesha: inatoka wapi, inauzwa bei gani, na nani anaambiwa.

Kwanza, inatoka wapi.

Mnaolima majani chai upande wa Mudete mnaijua Oktoba. Oktoba ndiyo mwezi wa bonasi. Mkulima amechuma mwaka mzima, amelipwa kidogo kidogo kila mwezi, halafu siku moja inaingia pesa nyingi kwa mkupuo. Siku hiyo mji unabadilika. Nguo zinatundikwa mpaka barabarani, wauza simu wanaweka spika nje, hata bei ya mbuzi inasikia harufu ya bonasi na kupanda.

Kuna mzee mmoja ambaye Oktoba ya mwaka fulani alipata bonasi yake akapitia dukani akanunua televisheni ya inchi 55. Nyumba yake ina vyumba viwili. Walipoibandika ukutani, watoto walilazimika kukaa nje ya mlango ili waione picha yote. Stima ni ya tokeni, na tokeni za shilingi mia zilikuwa zikiisha kabla ya habari za saa moja kukamilika. Sawa, pesa ni yake, ameitolea jasho. Lakini Desemba tarehe 15 nani alikuja kwenye meza yangu akitaka 20,000? Yeye. Nikamuuliza, mzee, nani mgonjwa? Akacheka sana. Alikuwa mtu wa kucheka. Akasema, "Binti, Oktoba sikujua kama Desemba iko."

Ndugu zangu, Oktoba Desemba iko. Tena Januari iko nyuma yake, na Januari ni ndefu kuliko tunavyodhani. Waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba mapema ili watu wasafiri. Wote tunashukuru na kusema bosi ana moyo. Hebu tupige hesabu. Mshahara ukiingia tarehe 20 Desemba, na unaofuata ukaingia tarehe 30 Januari, hapo katikati pana siku 41. Siku 41 kwa mshahara wa mwezi mmoja, na ndani yake mmeweka Krismasi, mwaka mpya, nauli ya kurudi na karo. Ndiyo maana watu wanaiita Njaanuari. Serikali haikuongeza siku kwenye kalenda. Sisi wenyewe tumelipwa mapema na tukala mapema.

Sasa niende kwenye bei ya pesa, na hapa naomba mnivumilie maana nitataja namba. Kijana yeyote aliye na kalamu aandike.

Mwaka 2024 mashindano ya magari ya Safari Rally kule Naivasha yaliangukia wikendi ya Pasaka yenyewe. Mnakumbuka ilivyokuwa. Vijana waliondoka hapa kwa makundi, wengine kwa matatu za kukodi, kwenda kumeza vumbi la Kedong. Kijana mmoja wa bodaboda wa hapa mjini naye akataka kwenda. Hakuwa na pesa, lakini simu yake ilikuwa nayo. Akakopa 10,000 kwenye simu, ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi, kiwango kile kile ambacho M-Shwari, ile huduma ya akiba na mikopo ya simu, ilianza nacho mwaka 2012. Asilimia saba na nusu. Ukiisikia hivi haitishi, sivyo? Ni kama bei ya mandazi.

Aliporudi Naivasha, mafuta yalikuwa yamepanda, pikipiki ikahitaji tairi, na siku 30 zikafika. Alikuwa anadaiwa 10,750. Hakuwa nazo. Mkopo ukasongeshwa mwezi mwingine, na ada ikahesabiwa upya juu ya deni lote. Asilimia 7.5 ya 10,750 ni 806. Jumla 11,556. Kwa miezi miwili amelipia wikendi moja zaidi ya shilingi 1,500, na picha za magari alizopiga hazionyeshi kitu isipokuwa vumbi na mgongo wa mtu mwenye kofia.

Angekuja hapa kwetu, kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi kwa salio linalopungua, mwezi wa kwanza angelipia shilingi 100. Mia moja kwa mia saba na hamsini. Na zile asilimia 7.5 za mwezi, ukizidisha kwa miezi 12 unapata 90. Nani hapa angesaini karatasi ya benki iliyoandikwa riba asilimia 90 kwa mwaka? Hakuna. Ungetoka ndani ya ile benki ukipiga kelele. Lakini kwenye simu tunaminya "Kubali" tukiwa tumesimama kwenye foleni ya nyama.

Nikamuuliza yule kijana kwa nini hakuja kwetu. Jibu lake sijalisahau. Akasema, "Mama, nyinyi mnauliza maswali. Simu haiulizi."

Mmesikia? Simu haiulizi. Nitairudia, kwa sababu kijana huyu alisema kwa maneno mawili jambo ambalo sisi wa meza ya mikopo tunaandikia ripoti. Simu haiulizi nani mgonjwa. Haikuombi mdhamini. Haimwambii mke wako. Ndiyo raha yake, na raha hiyo inauzwa, na bei yake ndiyo hiyo niliyowasomea.

Kuna Fuliza nayo, tangu Januari 2019, ile inayokujazia pesa ya M-Pesa ikipungua unapolipa au kutuma. Sitaipiga vita, maana najua imewaokoa watu kituoni usiku, mtu amepungukiwa na shilingi sitini za kufika nyumbani na mtoto mgongoni. Kwa kazi hiyo ni nzuri. Lakini jueni inavyofanya kazi. Gharama yake inatembea kwa siku. Deni likikawia, kila jua likizama linaongezeka. Tena pesa yoyote ikiingia kwenye simu yako, inajilipa kwanza. Shangazi amekutumia mia tano ya dawa ya bibi. Ujumbe unaonyesha umepokea, unaangalia salio, halipo. Sasa utamwambia nini shangazi? Utamwambia mtandao uko chini. Deni la shilingi chache limeshakufanya mwongo kwa watu wako, na tarehe 25 haijafika.

Niseme kidogo juu ya Hazina ya Hustler, ile mikopo ya serikali ya kwenye simu, maana najua mtaniuliza. Ilizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, wiki tatu na ushei kabla ya Krismasi, na wengi waliichukulia kama zawadi ya sikukuu. Riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka. Kwa mwaka, si kwa mwezi. Ukikopa 1,000, shilingi 50 inawekwa akiba kwa jina lako, unapata 950, na riba ya siku 14 ni kama shilingi tatu. Tatu! Hakuna pesa ya bei nafuu kuliko hiyo kwenye simu yako. Na ndiyo hiyo watu walikataa kurudisha, wakisema ni ya serikali. Halafu mtu huyo huyo anamlipa shailoki, yule mkopeshaji wa mtaani mwenye riba kali, kwa wakati, kwa sababu shailoki anajua nyumbani kwake. Tunalipa upesi deni la ghali na kuringa na deni la bei rahisi. Mimi naona hapo tumepinduka, na sina maneno laini zaidi ya hayo.

Sasa nifike mahali ambapo nataka kukaa kidogo. Kina mama, msifunge mikoba bado.

Kuna mama mmoja wa Butere, mwanachama wetu. Yeye na mwanawe wamenipa ruhusa nisimulie bila majina. Mwanawe ni askari wa usiku Nairobi, analinda jengo la ofisi. Desemba moja kijana akaamua kwenda nyumbani baada ya kukosa kwenda mwaka uliotangulia. Akakopa kwenye programu tatu tofauti za simu, jumla 8,000. Akafika kituo cha Machakos Country Bus, nauli ilikuwa imepanda karibu mara mbili. Akalipa. Ndani ya mkoba alikuwa na leso ya mama, mikate sita, sukari kilo nne, majani chai, mafuta ya kupika, na viatu vya mdogo wake. Aliposhuka Butere, steji nzima ikamwita mkubwa. "Mkubwa umekuja! Mkubwa tuachie ya soda!" Ukitoka Nairobi na begi, hata wewe ambaye ulikuwa umelala kwenye kiti cha plastiki nje ya geti la wenyewe, wewe ni mkubwa. Akawaachia. Mia hapa, mia mbili pale. Akapanda boda mpaka nyumbani, na boda naye akataja bei ya mkubwa.

Nyumbani akakuta mambo yamenoga. Mchele upo, chapati zipo, soda kreti nzima, jogoo wawili wamefungwa kamba chini ya mti. Akafurahi moyoni akajisemea, kumbe mama anajiweza, mimi nilikuwa nahangaika bure. Akala, akalala, akaenda kanisani. Tarehe 27 hakuwa na nauli. Akamwambia mama kwamba mshahara umechelewa. Mama akauza yule jogoo aliyebaki na kuku jike wawili waliokuwa wakitaga, akampa nauli.

Januari mama akaja kwangu. Anataka 4,000. Nikamuuliza swali langu mnalolijua. Akasema hakuna mgonjwa, ni mwenye duka. Ule mchele, ule unga wa ngano, yale mafuta, ile kreti ya soda, vyote alivichukua kwa daftari la duka. Nikamwambia, mama, mwanao wa Nairobi alikuwa hapa juzi, mbona hakukulipia? Akaniangalia kama mtu asiyeelewa dunia. "Huyo ndiye niliyemkopea. Ningemwonyeshaje nyumba tupu mtoto aliyetoka Nairobi?"

Nikaomba namba ya kijana. Nikampigia asubuhi akitoka zamu. Kabla sijamaliza kujitambulisha akasema, "Mama asijue, tafadhali. Bado nalipa ile mikopo ya zawadi."

Mmeiona hiyo? Mama amekopa ili mtoto asione umaskini. Mtoto amekopa ili mama asione umaskini. Wamekaa meza moja, wamekula chapati za deni wakashushia chai ya deni, kila mmoja akimshangaa mwenzake alivyofanikiwa. Na wote wawili wanapendana! Hakuna mbadhirifu hapo, hakuna mlevi. Laiti mmoja wao angepiga simu ya dakika moja mwanzoni mwa Desemba akasema, "Mwaka huu nina elfu tatu tu," yule mwingine angepumua kwa furaha.

Kwa hiyo leo nikiwaomba jambo moja ni hilo. Semeni kiasi chenu. Kabla ya safari, si baada. Piga simu nyumbani useme: mwaka huu nina kiasi hiki, nauli ni hii, kinachobaki ni hiki. Mke amwambie mume, mume amwambie mke. Naona kina baba mmeanza kuangalia dirishani. Baba, huyo unayemficha mkopo wa simu ndiye anayefua suruali yenye karatasi mfukoni. Anajua. Anachosubiri ni kuona kama utasema.

Na wanaosema aibu, aibu, wacha niwaambie aibu ilivyo. Mwalimu mmoja wa Vihiga alikopa kwenye programu moja ya simu ili alipie sherehe ya nyumbani. Wakati ule programu zile zilikuwa zikiomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba zako, na nani husoma anachokubali? Alipochelewa, wakaanza kuwapigia watu. Wakampigia mwalimu mkuu. Wakampigia mchungaji. Wakampigia mama mkwe wake, mama wa watu ambaye hata hajui programu ni nini, wakamwambia mkaza mwana wako ni mwizi. Huyo mwalimu alikuwa ameficha elfu tatu, na ukoo mzima ukaijua kwa siku moja, tena kutoka kwa mtu mgeni mwenye matusi.

Mjue haki zenu. Tangu kanuni za mwaka 2022, wakopeshaji wa kidijitali wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na hawaruhusiwi kukutukana, kukutisha, wala kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili wakuaibishe. Mtu akikufanyia hivyo, hifadhi ujumbe, andika namba na saa, upeleke malalamiko. Usifute kwa hasira. Na kabla ya kukopa, angalia kama jina la kampuni liko kwenye orodha ya Benki Kuu ya waliopewa leseni. Halipo? Kaa nayo mbali.

Wengi humu tayari tuna madeni, na yataingia nasi Januari tutake tusitake. Kuishi na deni kuna namna yake. Chukua daftari la mtoto, ukurasa mmoja. Andika unadaiwa na nani, kiasi gani, na kila deni linaongezeka kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Linaloongezeka kwa siku lilipe kwanza hata kama ni dogo. Mwenye duka asiyetoza riba mwendee umwambie ukweli na umpe kidogo kidogo kila wiki. Anachochukia ni kukuona ukipitia njia ya nyuma ya kanisa. Usikope simu hii kulipa simu ile. Na kama mkopo wako una wadhamini, wadhamini ndio wa kwanza kuambiwa umekwama. Nimeona mdhamini akiligundua deni la rafiki yake kwenye karatasi yake ya mshahara, limekatwa tayari. Urafiki wa miaka ulikwisha kwenye ile foleni ya benki.

Mlioajiriwa, sheria ya ajira ya mwaka 2007 inataka makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Theluthi moja ibaki mkononi mwako. Ukiona umefika hapo, hakuna afisa wa mikopo atakayekusaidia kwa mkopo mwingine, hata akiwa mpwa wako.

Deni si ugonjwa, lakini. Ng'ombe wa maziwa wa nusu ya watu walio humu walinunuliwa kwa mkopo, na maziwa yao ndiyo yanayoulipa. Hilo tunalijua, nalipita.

Sasa nimalizie kwa kina mama wa kikundi kimoja cha upande wa Khayega, maana hawa wamenifurahisha. Ni 30. Januari walikubaliana kila mmoja atoe shilingi 50 kwa wiki. Hamsini! Bei ya mafungu mawili ya sukuma. Walichanga kwa wiki 40, na mkinipigia hesabu hiyo mtapata 60,000. Hawakungoja Desemba fahali apande bei; walimnunua mapema Novemba akiwa amekonda kidogo, wakamlisha kwa zamu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Tarehe 23 Desemba akachinjwa alfajiri. Mizani ilikuwa ya kukodi kutoka kwa mwenye bucha. Kila mama aliondoka na kilo nne na kitu za nyama na mifupa, matumbo yakagawanywa kwa ndoo, ngozi ikauzwa na pesa ikarudi kwenye kikundi. Yule aliyetaka kwenda kununua bucha kilo nne siku ile angetoa zaidi ya zile 2,000 alizochanga kila mama, na foleni juu yake.

Niliwauliza kama kulikuwa na ugomvi. Wakasema upo, mmoja tu. Maini. Kila mtu alikuwa na sababu ya kupewa maini: huyu ni mjamzito, huyu mume wake ametoka Nairobi, huyu fahali alikaa kwake wiki nyingi zaidi. Walibishana mpaka saa nne, mwishowe wakayachoma pale pale wakala wote wakiwa wamesimama.

Nami nikajiuliza, sisi tuna wanachama wengi kuliko hao, tuna katiba, tuna mweka hazina anayejua hesabu, na kila Desemba tunapanga foleni ya mikopo ya dharura. Kwa nini?

Mwenyekiti, hoja yangu ni hii. Shilingi 50 kwa wiki kwa kila anayetaka, kuanzia wiki ya pili ya Januari. Iwe na akaunti yake peke yake, isichanganywe na akiba wala mikopo. Watu watatu wa kutia sahihi, na angalau mmoja awe mama. Asiyetaka nyama achukue pesa yake taslimu Desemba mwanzoni. Anayekwama wiki mbili aseme, asijifiche. Na kuhusu maini, naomba iandikwe kwenye kumbukumbu kabisa, leo, kabla ng'ombe hajapatikana, nani atayala. Wanaounga mkono wainue mikono juu tuhesabu.